Bodi mama ipi: AM4, AM5, LGA 1700 au ya ex-UK?

Anayejenga kompyuta kwa mara ya kwanza huanza na prosesa, ikafuata kadi ya grafiki, akahesabu RAM, na mwisho kabisa, kwa hela iliyobaki, ndipo akauliza bodi. Muuzaji naye humpa iliyo karibu na mkono wake: "Chukua hii, kaka, inakubali zote." Hakuna bodi inayokubali zote. Bodi mama ndiyo inayoamua prosesa ipi itakaa, RAM ya kizazi gani itaingia, diski itakwenda kwa kasi gani na kasha lipi litaifunika. Ukishaikosea hakuna kulazimisha. RAM ya DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5 hata ukiibembeleza.

Kwa hiyo kabla ya kushindanisha ASUS na MSI, au Gigabyte na ASRock, amua soketi, yaani tundu ambamo prosesa hukaa. Bodi mbili za kampuni tofauti zenye soketi moja na chipseti moja (chipu inayosimamia bodi, kama B450 au B760) hukaribiana tabia kuliko bodi mbili za kampuni moja zenye soketi mbalimbali. Mimi huziita koo: ukishaingia ukoo, ndugu zake ndio utakaoishi nao. Hapa Mombasa mtu wa kipato cha kawaida huyumba kati ya koo nne: AM4 na AM5 za AMD, LGA 1700 ya Intel, na bodi zilizomo ndani ya zile mashine za ofisi za mtumba tunazoziita ex-UK. Upo pia LGA 1851 wa Intel, uliotoka Oktoba 2024 pamoja na prosesa za Core Ultra 200S. Nimeuacha pembeni kwa kuwa unatumia DDR5 pekee, na anayeweza kuumudu anaweza pia kuumudu AM5.

## Tutapima kwa nini

Zote nne zitajibu maswali yale yale. Prosesa zipi zinaingia, na BIOS, ile programu ndogo ya bodi inayoiwasha kompyuta, inasemaje? RAM ipi? Diski na kadi ya grafiki zitakaa wapi? Kasha, pawa saplai na feni ya prosesa zitalingana? Bodi inapatikanaje pwani, na itastahimili joto na chumvi? Na baada ya miaka miwili mitatu, ukitaka kuongeza nguvu, njia ipo?

Bei sikuipa swali lake kwa sababu bei ya bodi peke yake hudanganya. Bodi rahisi inayodai RAM ghali imeshakuwa ghali.

| | AM4 | AM5 | LGA 1700 | Bodi ya ex-UK |
|---|---|---|---|---|
| Prosesa | Ryzen 1000 hadi 5000 | Ryzen 7000, 8000G, 9000 | Intel Core kizazi cha 12, 13, 14 | aghalabu Intel Core kizazi cha 4 hadi 8 |
| Soketi ilitoka | 2016 | 2022 | 2021 | 2013 hadi 2017 |
| RAM | DDR4 | DDR5 | DDR4 au DDR5, kulingana na bodi | DDR3 au DDR4 |
| Windows 11 | nyingi kuanzia Ryzen 2000 | ndiyo | ndiyo | kuanzia kizazi cha 8 |
| Pini ziko wapi | kwenye prosesa | kwenye bodi | kwenye bodi | kwenye bodi |

## Prosesa na BIOS

AM4 ndio ukoo wenye watoto wengi. Soketi ilitoka 2016, Ryzen za kwanza zikaingia 2017, na mwaka 2022 AMD walikuwa bado wanaitolea prosesa mpya, Ryzen 7 5800X3D. Wingi huo ni neema na ni mtego. Bodi ya B450, ya mwaka 2018, inaweza kubeba Ryzen 5 5600 iliyotoka 2022, lakini si kwa BIOS iliyozaliwa nayo. Ukiwasha bila kusasisha, feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi, na wewe utaanza kuisingizia RAM. Kinyume chake, B550 na A520 za mwaka 2020 hazikuahidiwa kubeba Ryzen 1000 wala 2000. Hata Ryzen 3 3200G na Ryzen 5 3400G hazimo katika ahadi hiyo, ingawa nambari zao zinaanza na 3: ndani yake ni teknolojia ya kizazi kilichotangulia.

Dawa yake ni moja, na inafaa kwa koo zote. Kila kampuni ina ukurasa wa kila bodi, wenye orodha ya prosesa zinazokubalika na toleo la BIOS ambalo kila prosesa inalihitaji. Tafuta kwa jina kamili lililochapwa kwenye bodi yenyewe, maana kipande kidogo cha jina hubadilisha mambo. Kwa Gigabyte, kwa mfano, B450M DS3H na B450M DS3H V2 ni bodi mbili, na kila moja ina BIOS yake.

LGA 1700 ina vizazi vitatu tu vya kukumbuka. Bodi za mfululizo wa 600 (H610, B660, Z690) zilitoka na kizazi cha 12. Kizazi cha 13 na 14 huingia baada ya kusasisha BIOS. Za mfululizo wa 700 (B760, Z790) zilikuja na cha 13. Kuna jambo muuzaji hatalitaja: mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa nyingi zenye nguvu za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhoofika kwa kupewa volteji kubwa kupita kiasi. Wakatoa marekebisho yanayopitia BIOS, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Kwa hiyo Core i7 au i9 ya mtumba ya vizazi hivyo ina historia usiyoijua, na bodi yake ni lazima iwe na BIOS ya baada ya marekebisho hayo. Kizazi cha 12 hakimo katika kasheshe hiyo, na ndiyo sababu Core i5-12400 bado inaulizwa madukani.

AM5 nayo haikuzaliwa bila homa. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua ndani ya soketi, AMD wakashusha kikomo cha volteji moja ya ndani hadi 1.3 kupitia BIOS mpya. Bodi inayouzwa leo ikiwa mpya kwa kawaida imeshapita hapo. Kinachobaki ni kwamba Ryzen 9000 kwenye bodi ya B650 ya zamani huhitaji BIOS mpya. Bodi nyingi za AM5 zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi diski bila hata prosesa kuwamo, na kitu hicho kina thamani kubwa kuliko mataa ya rangi rangi.

Bodi za ex-UK zina mtego mbaya kuliko wote. Soketi ya LGA 1151 ilitumika kwa kizazi cha 6 na 7, kisha Intel wakatumia jina hilo hilo na idadi hiyo hiyo ya pini kwa kizazi cha 8 na 9, lakini hazichanganyiki. Prosesa ya kizazi cha 8 itakaa vizuri kabisa ndani ya bodi ya kizazi cha 6, kifuniko kitafungika, na mashine haitawaka. Isitoshe, BIOS ya mashine hizi ni ya Dell, HP au Lenovo wenyewe, nayo hutambua zile prosesa ambazo modeli hiyo iliuzwa nazo.

Kuhusu herufi za mwisho: kwa Intel, F ina maana prosesa haina grafiki ya ndani (ile inayotoa picha bila kadi), kama i5-12400F. AM5 nyingi zina grafiki ndogo ya ndani isipokuwa zenye F, kama 7500F. AM4 ni kinyume: nyingi hazina, isipokuwa zenye G, kama 5600G. Tundu la HDMI nyuma ya bodi haliashirii kitu. Prosesa ikiwa haina grafiki, tundu hilo ni pambo.

Na ukisasisha BIOS, kompyuta iwe kwenye UPS. Stima ikikatika katikati ya shughuli, bodi inaweza kufa papo hapo, na huku kwetu stima haina miadi na mtu.

## RAM

Hapa ndipo AM4 na AM5 hazina la kujadili: ya kwanza DDR4, ya pili DDR5, basi. LGA 1700 ndiyo yenye vishawishi, kwa sababu prosesa zake zinakubali zote mbili, ila bodi hukubali moja tu. Kwa hiyo kuna B760 ya DDR4 na B760 ya DDR5, zimekaa rafu moja, maboksi yanafanana. ASUS mara nyingi huandika D4 mwishoni mwa jina la bodi, MSI na Gigabyte huandika DDR4. Boksi lisipotaja chochote, soma ubavuni, au angalia maandishi kando ya matundu yenyewe. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo la katikati limehama kidogo, basi usiamini jicho.

Mwenye RAM ya DDR4 nyumbani, imebaki kutoka mashine iliyokufa, ana sababu nzuri ya kubaki AM4 au LGA 1700 ya DDR4. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa vile vituo vya akili unde vinanunua chipu za kumbukumbu kwa wingi, na DDR5 ndiyo iliyouma zaidi. Hesabu ya AM5 iliyokuwa ikikaribiana na wenzake miaka miwili nyuma sasa imeachana nao kwa sababu ya RAM peke yake.

AM5 ina tabia nyingine mbili. Vijiti vinne vya DDR5 huenda polepole kuliko viwili, kwa hiyo nunua viwili vikubwa badala ya vinne vidogo. Na mara ya kwanza kuwashwa, bodi hukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi ikijifunza RAM yake. Wapo waliokwisha rudisha bodi nzima dukani kwa kukosa subira ya hizo dakika.

H610 ya LGA 1700 ina matundu mawili tu ya RAM. Ukianza na kijiti kimoja cha GB 8, cha pili kikishaingia umemaliza. Kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki, vijiti viwili ni bora kuliko kimoja chenye ukubwa wa jumla ule ule, maana grafiki ya ndani hutegemea kasi ya RAM.

Kwa ex-UK, kizazi cha 4 kwa kawaida ni DDR3. Zile ndogo kabisa zinazokaa kiganjani hutumia RAM fupi ya laptopu. Ukikutana na RAM ya seva, ile iliyoandikwa ECC Registered, bei yake huwa inavutia, lakini haitafanya kazi katika bodi yoyote tuliyoitaja hapa.

## Diski na kadi ya grafiki

SSD ya SATA hukubalika na koo zote nne. Tofauti huanzia kwenye M.2, tundu la SSD nyembamba inayolala juu ya bodi. B450 hutoa PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data, nambari kubwa ni kasi zaidi), B550 hutoa 4.0 kwa tundu la kwanza, lakini ukiweka Ryzen 5 5600G unarudi 3.0 kwa kuwa prosesa hiyo ndivyo ilivyo. B660 na B760 zina 4.0, H610 huishia 3.0 kwa diski. AM5 huanzia 4.0 na baadhi ya bodi zina 5.0. Kwa anayeandika, anayeprinti na anayecheza gemu, tofauti ya 3.0 na 4.0 haisikiki, na sioni sababu ya kuilipia. Ni anayenakili faili za video za GB mia ndiye atakayeiona.

Bodi nyingi za ex-UK za kizazi cha 4 hazina M.2. Kuanzia kizazi cha 6 nyingi zinalo. Na katika koo zote, soma kijitabu: bodi nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA pale M.2 inapotumika, halafu fundi anahangaika na nyaya.

Kadi za grafiki ni wepesi wa kusikilizana. Kadi ya PCIe 4.0 hufanya kazi kwenye tundu la 3.0. Isipokuwa kadi kama RX 6400 na RX 6500 XT, ambazo zina njia nne tu za data: kwenye bodi ya 3.0 hupoteza nguvu inayoonekana. Kwa ex-UK tatizo ni nafasi na umeme. Kasha jembamba hulazimisha kadi fupi, na pawa saplai yake mara nyingi haina waya wa ziada, kwa hiyo unabaki na kadi zinazoishi kwa wati 75 za tundu lenyewe, kama GTX 1050 Ti na baadhi ya GTX 1650.

## Kasha, pawa saplai na feni

ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX 244 kwa 244, Mini-ITX 170 kwa 170. Kasha kubwa hubeba bodi ndogo, kasha dogo halibebi kubwa. Bodi nyingi za bei ya chini ni Micro-ATX, na hakuna aibu ndani yake.

AM4, AM5 na LGA 1700 kwa kawaida hutumia kichwa cha pini 24 na kingine cha pini 8 kwa prosesa, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida inatosha ilimradi ni ya kweli na ina wati zinazolingana na kadi yako. Feni za AM4 nyingi huingia AM5. Feni ya LGA 1151 au 1200 haiingii LGA 1700 bila kibano kipya, kwa sababu matundu ya skrubu yalihama kutoka milimita 75 hadi 78. Milimita tatu tu, na feni yako nzuri imekuwa urembo wa mezani.

Bodi ya ex-UK ikiwa nje ya kasha lake ni mzigo. Dell na HP wengi hutumia vichwa vya umeme vyenye pini chache vya kwao wenyewe, matundu ya skrubu mahali pao, na waya wa swichi ya kuwashia wa mpangilio wao. Unaiona inauzwa peke yake kwa bei ya kutupa, unadhani umeokota. Utahitaji adapta ya pawa, kasha la kutobolewa, na fundi mvumilivu. Nunua mashine nzima au iache.

## Kupatikana, joto na chumvi

Ukizunguka Moi Avenue na Digo Road, bodi za AM4 na H610 au B760 ndizo utakazozigusa kwa mkono. Ex-UK zimejaa tele. AM5 kwa kawaida unaagiza, ikateremshwa kutoka Nairobi kwa basi la usiku. Kusubiri siku moja si kitu. Uzito uko kwenye kurudisha. Bodi yenye kasoro itarudi juu kwa basi lile lile, itakaa huko kwa fundi wa muuzaji, na nauli ya kifurushi mara nyingi ni yako. Kabla ya kulipa, uliza waranti inashughulikiwa wapi, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Joto letu linahusu zaidi chipseti za chini. Pembeni mwa soketi kuna saketi inayoipa prosesa umeme wake, mafundi huiita VRM. Kwenye H610 nyingi na A520 nyingi saketi hiyo iko wazi, haina chuma cha kupozea. Ukiweka Core i3 au Ryzen 5 5600 haina neno. Ukiweka Core i7 kwenye H610, chumba hakina AC, na ni mwezi wa Februari kaskazi limetulia, bodi itajiokoa kwa kupunguza kasi ya prosesa. Umenunua i7 ili ufanye kazi ya i5. Kwa prosesa za namna hiyo chukua B760 au B550 yenye vipande vya chuma juu ya VRM, hata kama utapunguza kitu kingine.

Chumvi hula taratibu. Kwa aliye karibu na maji, Mji wa Kale, Nyali au Likoni, bodi ya mtumba ikaguliwe kama samaki sokoni: angalia kutu kwenye matundu ya USB, ukijani kwenye miguu ya shaba, na weupe kuzunguka betri. Kwa LGA 1700, AM5 na ex-UK, fungua soketi na umulike kwa tochi ya simu ukiinamisha bodi. Pini zilizonyooka hung'aa kwa pamoja. Iliyopinda hung'aa peke yake. Muuzaji akikataa kufungua soketi, ameshajibu. Kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa, basi hiyo ndiyo utakayoigeuza. Na ukiitoa feni ya AM4 iliyokaa miaka, washa mashine kwanza ipate moto, halafu zima, zungusha feni taratibu, la sivyo prosesa itang'oka nayo.

## Ukitaka kuongeza nguvu baadaye

AM5 ndiyo yenye kesho ndefu: AMD wamesema wataendelea kuitolea prosesa angalau hadi 2027. Anayeingia leo na Ryzen 5 ndogo anaweza kubadilisha prosesa tu siku za usoni.

LGA 1700 haina ngazi ndefu. Intel wameshahamia LGA 1851. Lakini aliye na i3-12100 bado anaweza kupanda hadi i5 au i7 za vizazi vitatu, ikiwa bodi na VRM yake vinaruhusu. AM4 iko vivyo hivyo: ukoo umefika mwisho, ila kutoka Ryzen 3 hadi Ryzen 7 5700X ni safari kubwa, na prosesa za mtumba zinapatikana.

Ex-UK haina kesho ya vifaa, ina kesho ya kuuzwa. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha 4 hadi 7 hakimo katika orodha ya Windows 11. Mashine ya kizazi cha 6 bado ni nzuri kwa Linux, lakini atakayeinunua kwako baadaye atataka apunguziwe sana.

## Kwa hali yako

Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, pale Tudor, anayejifunza programu na kucheza gemu kidogo bila kadi ya grafiki: AM4 yenye B550 au A520 na 5600G, vijiti viwili vya GB 8. Akiona LGA 1700 ya DDR4 na i3 au i5 isiyo na F kwa bei hiyo hiyo, ni sawa pia, ila kwa gemu 5600G itamtangulia.

Mwenye saiba ya kuprinti na huduma za serikali mtandaoni: mashine nzima za ex-UK za kizazi cha 8, zote za modeli moja ili vipuri vibadilishane. Kizazi cha 4 ni rahisi zaidi, lakini wateja wake watakuwa wanaingiza nywila zao kwenye Windows isiyolindwa.

Mhariri wa video za harusi: LGA 1700 na B760, prosesa isiyo na F. Grafiki ya ndani ya Intel hufungua kwa urahisi zile video za HEVC 4:2:2 za biti 10 zinazotoka kwenye kamera nyingi za sasa, kazi ambayo kadi nyingi za grafiki huiachia prosesa ihangaike nayo. AM5 ina nguvu zaidi wakati wa kutoa filamu nzima, na kama mkoba unaruhusu RAM ya GB 64, ipime. Lakini aulize kwanza kamera yake inarekodi nini.

Mcheza gemu aliye tayari na B450 au B350: asinunue bodi. Asasishe BIOS, aweke 5600 au 5700X, hela iliyobaki iende kwenye kadi.

Mwenye kujenga moja na kukaa nayo miaka mingi, na anayeweza kumeza bei ya DDR5 leo: AM5 yenye B650 au B850, yenye kitufe cha kusasisha BIOS, vijiti viwili vya RAM.

Mwenye prosesa mkononi tayari, aliyepewa na ndugu au aliyoitoa kwenye mashine mbovu: soma nambari iliyoandikwa juu yake, nenda kwenye orodha ya kampuni ya bodi unayoitamani, linganisha na toleo la BIOS, kisha uende nayo dukani. Mwambie muuzaji aiweke na kuiwasha mbele yako mpaka ukurasa wa BIOS uonekane kwenye skrini. Ndipo utoe pesa.